Dragon Ball Uanzie Wapi? Mpangilio wa Kutazama kwa Anayeanza Leo

Wanaoanza kutazama Dragon Ball, anime (katuni ya Kijapani) ya mapigano na safari za shujaa Goku, huuliza maswali yaleyale. Dragon Ball nianze na ipi? Nikitazama Z peke yake inatosha? Kai ni nini, na ina tofauti gani na Z? GT ihesabiwe au niiache? Na hii Daima ya juzijuzi inaingia wapi?

Majibu yapo, tena si magumu. Kinachowachanganya watu ni kwamba jina moja limebeba mifululizo mitano ya televisheni, toleo moja lililohaririwa upya, na filamu za katuni 21, vyote vikitoka kati ya 1986 na 2025. Baadhi vinasimulia kisa kilekile mara mbili, na vingine vinapingana waziwazi.

Kama una haraka, fuata hivi: Dragon Ball ya 1986, kisha Dragon Ball Z Kai, kisha filamu mbili, Battle of Gods na Resurrection "F", kisha Dragon Ball Super kuanzia episodi ya 28, kisha filamu za Broly (2018) na Super Hero (2022), na mwisho Daima. Vilivyobaki ni vya hiari, ukiacha vipindi viwili maalumu vya Hatua ya 3. Sababu zake, na mahali watu wanapojikwaa, ziko hapa chini. Nani anakufa na nani anashinda sitasema. Uhondo huo ni wako.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Muda. Episodi moja ina dakika zisizozidi 24. Ukiruka wimbo wa kufungulia, wa kufungia na marudio ya episodi iliyopita, unabaki na dakika 20 hivi. Njia hii ina episodi takriban 440, yaani karibu saa 150. Kwa tatu kwa siku, utamaliza baada ya miezi mitano hivi.
- Huduma halali ya kutazama mtandaoni. Crunchyroll ndiyo inayojulikana zaidi kwa anime, lakini orodha yake hutofautiana nchi kwa nchi. Angalia kwanza ni mifululizo ipi inapatikana ulipo, kisha ndiyo ulipe, na ulipe kwa mwezi.
- Bando. Kama huduma yako inaruhusu kupakua, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Episodi za miaka ya 1980 zilichorwa kwa ajili ya televisheni za wakati ule, kwa hiyo 480p kwenye simu inatosha kabisa. Bando kubwa lihifadhi kwa filamu ya Broly, ambayo inastahili ubora wa juu.
- Lugha. Amua mapema: sauti za Kijapani na maandishi ya tafsiri chini, au sauti za Kiingereza. Zote mbili zina wapenzi wake. Usibadilishe katikati, maana majina, muziki na hata baadhi ya maneno hubadilika.
- Mahali pa kuandika ulipofika, noti kwenye simu inatosha. Namba za episodi hutofautiana kati ya toleo na toleo, kwa hiyo andika na jina la kisa.

Hatua ya 1: Dragon Ball (1986–1989), episodi 1 hadi 153

Hapa ndipo wengi wanapotaka kuruka, na ndipo ninaposisitiza kuliko popote pengine.

Watu wameaminishwa kwamba Dragon Ball ya kwanza ni utangulizi wa kitoto, na kwamba hadithi yenyewe ni Z. Si kweli. Akira Toriyama, mtunzi wake, aliandika Dragon Ball kama manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) moja tu, iliyochapishwa kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 1984 hadi 1995: sura 519, vitabu 42, jina lilelile Dragon Ball tangu mwanzo hadi mwisho. Herufi Z iliwekwa na watengenezaji wa anime walipofika sura ya 195. Kwa hiyo anayeanza na Z ameshapitwa na zaidi ya theluthi moja ya hadithi kabla hajabonyeza chochote.

Angalia episodi ya kwanza kabisa ya Z. Kuna mtoto mdogo anaitwa Gohan, mwana wa Goku, amevaa kofia yenye mpira wa nyota nne juu yake, mmoja wa mipira saba inayoipa hadithi jina lake. Aliyeanza na Z anaona kofia. Aliyepitia Dragon Ball anamkumbuka Goku mwenyewe, mvulana mwenye mkia aliyekuwa akiishi peke yake milimani, ambaye mpira huohuo ulikuwa kumbukumbu pekee aliyoachiwa na babu yake, akiuita babu na kuusemesha, hata Bulma, msichana aliyekuwa akiitafuta mipira hiyo, alipoutaka akagoma kuutoa. Na babu yule jina lake lilikuwa Gohan. Hakuna mhusika anayekueleza hayo unapoingia Z. Unatakiwa uje nayo.

Piccolo, hasimu wa Goku, ni vilevile. Uhusiano wake na Goku katika episodi tano za mwanzo za Z ni miongoni mwa mambo mazuri sana katika hadithi nzima, na uzito wake wote unatoka episodi 102 hadi 148 za Dragon Ball. Ukizikosa, utamwona jamaa wa kijani mwenye hasira tu.

Ili usipotee njiani, mgawanyo wake ni huu:

- 1–13: safari ya kutafuta mipira saba. Vichekesho vingi, mapigano machache.
- 14–28: mazoezi kwa Mzee Roshi na mashindano ya kwanza. Hapa hadithi inashika kasi.
- 29–68: vita na jeshi la Red Ribbon. Ni ndefu, na baadhi ya episodi zinavutwa, lakini usiziruke. Jeshi hili linarudi kuwa mzizi wa kisa kizima cha androidi katika Z, na tena katika filamu ya 2022.
- 69–83: Baba mpiga ramli na episodi za mapumziko.
- 84–101: mashindano ya pili, na Tien anaingia.
- 102–122: Mfalme Piccolo. Kuanzia hapa utani unapungua ghafla.
- 123–132: mazoezi, mengi yake ni ya kujazia, yaani hayamo kwenye manga.
- 133–148: mashindano ya tatu. Kwangu mimi, fainali yake inashinda mapigano mengi ya Z.
- 149–153: za kujazia pia, ila ni tano tu, nyepesi, na zina harusi.

Angalizo: kama unatazama na watoto, tangulia wewe mwenyewe kuziona episodi za mwanzo. Mzee Roshi ana utani wa kihuni juu ya wanawake ambao wazazi wengi hawataupenda.

Angalizo lingine: kuna filamu ya 1996 inayosimulia upya mwanzo wa hadithi kwa muda mfupi. Usiitumie kama njia ya mkato. Imebadilisha mengi na kuacha mengi zaidi. Kama kweli huwezi kutazama episodi 153, soma manga mpaka sura ya 194, kisha uingie Hatua ya 2. Hiyo ndiyo njia ya mkato pekee ninayoikubali.

Hatua ya 2: Chagua moja, Z au Kai

Ni hadithi moja katika matoleo mawili. Z ina episodi 291 na ilirushwa 1989 hadi 1996. Kai ni Z iliyohaririwa upya: ilianza 2009, miaka 20 baada ya Z kuanza, ikasimama 2011, ikarudi 2014 kumalizia kisa cha Majin Buu hadi 2015. Japani ina episodi 159. Toleo la kimataifa lina 167. Nje ya Japani utaikuta kwa jina la Dragon Ball Z Kai.

Kwa nini ilihaririwa? Z ilirushwa kila wiki wakati Toriyama bado anaandika manga, naye alikuwa anatoa sura moja fupi kwa wiki. Anime ikawa inamkaribia mno. Ili wasimpite, watengenezaji walivuta mambo: watu kutazamana muda mrefu, kukusanya nguvu episodi nzima, na visa ambavyo havimo kwenye manga kabisa. Mfano unaojulikana na kila shabiki ni ule wa sayari ya Namek: inatangazwa kwamba zimebaki dakika tano ilipuke, na dakika hizo tano zinachukua episodi karibu kumi. Kwa aliyekuwa akisubiri wiki hadi wiki mwaka 1991, yalikuwa mateso. Kai imeyakata hayo. Safari ambayo Z inaitembea kwa episodi 107, tangu mwanzo hadi mwisho wa kisa cha adui Frieza, Kai inaimaliza kwa karibu nusu yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni Kai. Hadithi inakwenda kwa mwendo aliouandika Toriyama, na hutachoka katikati ya Namek, mahali ambapo wengi huishia. Jua tu kwamba sehemu ya Buu haikukatwa kwa ukali kama zile za mwanzo, kwa hiyo utahisi mwendo unapungua.

Chagua Z kama unapenda hali ya zamani, muziki wa Shunsuke Kikuchi, na vipande vya maisha ya kawaida kati ya vita. Ukichagua Z, ruka 108–117, kisa cha Garlic Jr., bila hofu. 195–199, mashindano ya ahera, ni hiari yako.

Na hata ukichagua Kai, nakuomba uazime episodi moja kutoka Z: ya 125, Goku na Piccolo wanapokwenda kujifunza udereva ili wapate leseni. Haimo kwenye manga wala kwenye Kai, na haina umuhimu wowote kwa hadithi. Itazame kabla tu ya androidi kutokea, wakati bado kuna utulivu.

Angalizo: usitazame zote mbili kwa zamu. Ukihama katikati, hamia mwanzoni mwa kisa kipya kwa kufuata jina lake, maana namba hazilingani hata kidogo.

Hatua ya 3: Vipindi viwili maalumu

Z ilitoa vipindi viwili maalumu vya televisheni ambavyo kila mmoja anapaswa kuviona. Cha 1990 kinamhusu Bardock; kitazame baada ya kumaliza kisa cha Frieza. Cha 1993 kinahusu ulimwengu alikotoka Trunks. Kitazame baada ya kisa cha Cell. Kila kimoja hakifiki saa moja, na hicho cha Trunks kina huzuni kuliko chochote kilichomo ndani ya Z yenyewe.

Usivitazame mapema. Watu hukiweka cha Bardock mwanzo kabisa kwa sababu matukio yake ni ya zamani kuliko mengine, na hapo wanaharibu siri ambayo Z inaifungua yenyewe kwa wakati wake.

Hatua ya 4: Maliza episodi za mwisho za Z, usiziahirishe

Baada ya Buu, Z inaruka miaka kumi mbele. Ni episodi tatu, 289 hadi 291, na kwenye Kai ni zile za mwisho kabisa. Battle of Gods, Super, Broly, Super Hero na Daima vyote vinatokea ndani ya pengo hilo la miaka kumi.

Kwa sababu hiyo kuna wanaoshauri uziache tatu hizi hadi umalize kila kitu. Mimi nakataa. Ndivyo Toriyama alivyofunga manga yake mwaka 1995, na mwisho ule una utamu wake ukiupokea ukiwa umetoka moja kwa moja kwenye vita vya Buu. Kumbuka tu kwamba ukiingia Super unarudi nyuma. Ukimkuta Pan bado mtoto mchanga, hakuna kosa.

Kama umechoka, unaweza kuishia hapa na bado useme umeiona Dragon Ball.

Hatua ya 5: Battle of Gods (2013), kisha Resurrection "F" (2015)

Battle of Gods ilikuwa filamu ya kwanza ya katuni ya Dragon Ball baada ya miaka 17, na Toriyama mwenyewe alirudi kushiriki. Inamleta Beerus, mungu wa maangamizi, na kuanzia hapo mizani yote ya nguvu inabadilika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu wanapotea. Super ilipoanza Julai 2015, ilirudia visa vya filamu hizi mbili: episodi 1–14 ni Battle of Gods, 19–27 ni Resurrection "F", na katikati kuna chache za kuunganisha. Filamu zimechorwa vizuri zaidi na hazivuti muda. Episodi za mwanzo za Super zilifanywa kwa haraka, na ya tano ilisemwa sana kwa uchoraji wake mbovu. Tazama filamu. Kama kwenye huduma yako hazipo, anza Super episodi ya 1 na hutakosa kitu cha maana.

Hatua ya 6: Dragon Ball Super, episodi 28 hadi 131

- 28–41: mashindano kati ya Ulimwengu wa 6 na wa 7.
- 42–46: nyepesi.
- 47–67: Trunks wa wakati ujao anarudi. Hapa ndipo Super inapopata sauti yake.
- 68–76: za kupumzikia. Usiikose ya 69, ambamo anaingia Arale, msichana wa manga ya Toriyama iliyotangulia Dragon Ball.
- 77–131: ulimwengu mbalimbali unapigania kuendelea kuwepo. Mashindano yenyewe yanaanza 97.

Mashindano hayo ya mwisho yamepangiwa dakika 48, na yanachukua episodi 35. Tofauti na Namek, humu muda haupotei: wapiganaji ni 80, na karibu kila episodi inamtoa mtu. Episodi za 130 na 131 zitazame pamoja, usiku mmoja.

Angalizo: ukishafika hapa, acha kutafuta majina ya wahusika mtandaoni. Picha ya Goku ya mwishoni mwa Super imesambaa kila mahali, na ukiandika jina lake tu itakutangulia. Funga pia mapendekezo ya video kama unaweza.

Hatua ya 7: Broly (2018), kisha Super Hero (2022)

Broly inaendelea pale Super ilipoishia. Kulikuwa na filamu tatu za zamani zenye mhusika wa jina hilo, 1993 na 1994. Huzihitaji. Hii ya 2018 imemjenga upya kabisa, na inaanzia mbali, kabla Goku hajafika duniani. Utaona wazazi wa Goku wakioneshwa tofauti na kile kipindi maalumu cha 1990; shika hii ya filamu kama ndiyo habari rasmi ya sasa, na kile kibaki kwa uzuri wake.

Super Hero imetengenezwa kwa michoro ya kompyuta, jambo linalowashtua wengi dakika za mwanzo. Vumilia kidogo, jicho linazoea. Wenye filamu ni Gohan na Piccolo, na adui anatokana na Red Ribbon. Aliyeruka Hatua ya 1 ataitazama kama filamu ya mapigano. Wewe utaelewa kila jina linalotajwa.

Hatua ya 8: Dragon Ball Daima (2024–2025), episodi 20

Daima ni kazi ya mwisho ya anime ambayo Toriyama aliiandikia hadithi. Alifariki tarehe 1 Machi 2024, na ikaanza kurushwa Oktoba mwaka huohuo. Goku na wenzake wanageuzwa watoto na kuingia katika ulimwengu wa mashetani. Ina furaha ileile ya safari ya 1986, na nadhani ilikusudiwa iwe hivyo.

Kwa mfuatano wa matukio, Daima iko baada ya Buu na kabla ya Beerus. Kwa hiyo wapo watakaokwambia uiweke kabla ya Battle of Gods. Usifanye hivyo. Kuna jambo kubwa linatokea mwishoni mwa Daima ambalo Super, iliyotengenezwa miaka tisa kabla, haina habari nalo. Ukiitazama kwanza, utaingia Super ukiuliza kila pambano kwa nini fulani hatumii kile alichokipata. Ukiitazama mwisho, swali hilo halikusumbui.

Hatua ya 9: Vya hiari

GT (1996–1997, episodi 64) inaendelea baada ya mwisho wa Z. Toriyama alichora wahusika wakuu, lakini hadithi iliandikwa na Toei, kampuni inayotengeneza anime hii. Haikubaliani na Super. Itazame kama njia nyingine ambayo hadithi ingeweza kufuata, tena baada ya kumaliza vyote, na usikose episodi ya mwisho, ambayo hata wasioipenda GT wanaiheshimu.

Filamu 13 za Z za 1989 hadi 1995 nyingi hazina nafasi halisi kwenye mfuatano. Usijisumbue kutafuta zinaingia kati ya episodi zipi. Chagua jioni moja, tazama ya Cooler ya 1991 au Fusion Reborn ya 1995, ufurahi.

Super Dragon Ball Heroes ni matangazo ya mchezo wa kadi. Episodi fupifupi, hazimo kwenye hadithi. Na filamu ya Hollywood ya 2009 yenye waigizaji watu, iache.

Ukikwama

*Majina hayafanani.* Ni mtu mmoja. Kuririn ni Krillin, Freeza ni Frieza, Tenshinhan ni Tien, Mzee Roshi ni Kame Sennin au Muten Roshi, na Mr. Satan katika baadhi ya matoleo ya Kiingereza anaitwa Hercule. Kama uliijua kwa Kifaransa, kama ilivyo kwa ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, Sangoku ndiye Goku na Sangohan ndiye Gohan. Tortue Géniale ni huyohuyo Mzee Roshi.

*Orodha yangu ya Z ina episodi 276, si 291.* Una toleo la zamani la Kiingereza. Lilipoanza kurushwa Marekani 1996, episodi za mwanzo zilikatwakatwa zikawa chache zaidi. Tafuta toleo lisilokatwa, lenye 291, ndipo namba za mwongozo huu zitalingana.

*Kuna mapengo meusi kushoto na kulia mwa skrini.* Ndivyo inavyotakiwa, picha ya asili ilikuwa karibu mraba. Tatizo ni pale picha inapojaa skrini nzima huku vichwa vimekatwa juu: hapo toleo lako limepunguzwa. Angalia pia kama simu yako haijakuza picha yenyewe.

*Mbona Goku mtu mzima ana sauti ya kike?* Unatazama kwa Kijapani. Masako Nozawa, aliyezaliwa 1936, ndiye sauti ya Goku tangu 1986, na pia ya Gohan na Goten. Mpe episodi kumi. Ukimsikia akipiga kelele za hasira kule Namek, hutauliza tena.

*Kwa Kiingereza nguvu za Goku zilizidi 9,000, kwa Kijapani zilizidi 8,000.* Asili ni 8,000. Haibadilishi chochote.

*Muziki wa Kai si uleule niliousikia kwenye kipande fulani.* Mwaka 2011 muziki wa Kenji Yamamoto uliondolewa baada ya tuhuma za kunakili, ukarudishwa wa Kikuchi. Huduma nyingi zina huo uliorudishwa.

*Garlic Jr. ni nani, mbona wanamjua?* Alitokea katika filamu ya kwanza ya Z, Julai 1989. Umeingia episodi za kujazia. Nenda moja kwa moja 118.

*Nilishaanza na Z, niko katikati.* Kama hujapita 35, simama, rudi 1986. Kama uko Namek, maliza Frieza kwanza, kisha rudi Dragon Ball kabla androidi hawajafika, kwa sababu hapo ndipo Red Ribbon inapohitajika.

*Nimekwama Namek, nimechoka.* Hamia Kai, tafuta episodi ambayo Frieza anaanza kupigana mwenyewe, uendelee nayo hadi mwisho.

*Nimemaliza Super Hero, anime imeishia hapo?* Kwenye manga hadithi inaendelea. Manga ya Dragon Ball Super ya mchoraji Toyotarou, iliyoanza 2015 kwa muhtasari wa Toriyama, ina visa viwili vikubwa ambavyo havikuwamo kwenye mfululizo wa televisheni wala kwenye filamu hizo, cha Moro na cha Granolah, na vyote viko kabla ya Super Hero. Programu ya Manga Plus ya Shueisha, mchapishaji wake, ina baadhi ya sura bure kwa Kiingereza. Anzia sura ya 42, pale mashindano ya ulimwengu yanapoisha na kisa cha Moro kinapofunguka.